Mtoto wa Mfanyakazi na Mlango wa Chuo Kikuu



Katika jarida hili tumezoea kusema habari za mishahara, saa za kazi, likizo na nyumba. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidhania si la chama, nalo ni hili: jinsi kijana anavyopata kuingia Chuo Kikuu, na maktaba anayoikuta akisha kuingia. Twalileta mbele yenu kwa sababu karo ya mtoto hutoka katika mshahara ule ule tunaoupigania mezani. Shilingi inayopotea kwa sababu mzazi hakuelezwa siku ya mwisho ya kupeleka maombi imepotea sawasawa na ile iliyokatwa na tajiri bila haki.

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya wasomi, chama kishughulike na wafanyakazi." Twauliza: ni nani afunguaye milango ya Chuo Kikuu asubuhi? Ni nani apigaye deki kumbi zake, apikaye chakula cha wanafunzi, arudishaye vitabu rafuni, alindaye lango usiku kucha? Ni wafanyakazi. Tena ni nani alipaye kodi inayokiendesha? Ni sisi sisi, tunaokatwa kila mwisho wa mwezi kabla hatujaushika mshahara mkononi. Basi chuo hiki si kigeni kwetu, wala sisi si wageni kwake.

CHUO KIKO NJIANI KWETU

Tazameni jinsi mji wetu ulivyokaa. Sisi tunaoishi upande wa magharibi, Kangemi, Kawangware, Uthiru na Dagoretti, tumezungukwa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Upper Kabete hufundishwa kilimo na matibabu ya wanyama. Lower Kabete hufundishwa mambo ya biashara. Mbele zaidi, huko Kikuyu, ndiko wanakofundishwa walimu. Ukishuka kwenda mjini utaikuta Chiromo ya sayansi, karibu na Museum Hill. Ukifika University Way utaona makao makuu ya chuo, na ndani yake maktaba kubwa yenye jina la Jomo Kenyatta. Barabara hiyo hiyo, katika Anniversary Towers, iko ofisi ya mikopo ya wanafunzi, HELB. Shirika la kuwapanga wanafunzi vyuoni, KUCCPS, liko ACK Garden House, upande wa Community. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuzizunguka ofisi za mjini zote kabla ya saa sita mchana.

Lakini kuwa karibu na mlango si kuingia. Mfanyakazi aweza kuupita ukuta wa chuo miaka ishirini, asubuhi na jioni, na asijue ni fomu gani itakayomwingiza mtoto wake. Na hilo ndilo tunalotaka kulisema.

MILANGO ILIYOFUNGWA ZAMANI

Si mara ya kwanza mlango wa elimu kuwa mgumu katika mji huu. Maktaba ya McMillan, iliyoko Banda Street, yenye nguzo ndefu na simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931. Kwa muda wa miaka 27 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kuifagia sakafu, lakini hakuweza kuketi kitini akasoma. Mwaka 1958 ndipo ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote chini ya Baraza la Mji.

Chuo Kikuu nacho kina historia yake. Kilianza kama chuo cha ufundi cha Afrika ya Mashariki, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1951. Wahindi wa hapa walikuwa wamekusanya fedha za kujenga chuo cha ukumbusho wa Gandhi, nao wakaunganisha mfuko wao na chuo hicho. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956. Mwaka 1961 kikawa chuo cha daraja ya chuo kikuu chini ya uangalizi wa London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Na mwaka 1970 kikasimama peke yake kwa jina tunalolijua leo. Tangu mwanzo, basi, kilijengwa kwa fedha za umma na michango ya watu.

Na vyama vya wafanyakazi havikukaa kando. Nafasi zilipokuwa chache hapa, Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, pamoja na Gikonyo Kiano na wenzao, walitafuta nafasi ng'ambo. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ilipeleka vijana 81 Marekani. Wazazi na majirani walichanga fedha za nguo na za mfukoni, na wafadhili wa Marekani wakasaidia nauli. Mwaka uliofuata, 1960, kati ya waliokwenda alikuwamo Wangari Maathai. Alirudi, akafundisha elimu ya viungo vya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata shahada ya udaktari hapo mwaka 1971. Huko hakukaa kimya: alidai wanawake waalimu wapewe haki sawa na wanaume, za nyumba na za matibabu, na pamoja na wenzake akajaribu kuufanya umoja wa waalimu uwe chama cha wafanyakazi.

Twaikumbusha historia hii ili mjue ya kuwa anayesema elimu ya juu si kazi ya chama hajui chama kilikotoka.

MLANGO WA LEO

Mlango wa leo haukufungwa kwa rangi. Umefungwa kwa mambo matatu: habari, mtandao na fedha. Tuyaangalie moja moja.

Zamani wanafunzi walichaguliwa na bodi ya pamoja ya vyuo vikuu, nayo iliangalia vitanda vilivyokuwapo katika mabweni. Kijana aliyefikia alama ya kutosha aliweza kuachwa nje kwa sababu kitanda hakuna. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha madarasa ya kujilipia. Tangu hapo, mwenye C+ na fedha aliingia, na mwenye B bila fedha alibaki nyumbani. Jambo hilo liliwauma wafanyakazi wengi, na lilikuwa haki yao kuumia.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaleta KUCCPS, iliyoshika kazi ya ile bodi. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2016 ulipolindwa kwa ukali ili kuzuia wizi, waliopata C+ au zaidi walishuka chini ya 90,000. Wote hao wakatoshea katika nafasi za serikali. Madarasa ya kujilipia yakakosa wateja, na vyuo vilivyokuwa vimezoea fedha hizo vikaanza kuyumba. Tangu siku hizo idadi imepanda tena. Katika mtihani wa 2024, ambao matokeo yake yalitangazwa Januari 2025, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walipata C+ au zaidi. Hao ni kama mmoja katika kila wanne.

Basi nafasi zipo. Lakini nafasi haimfuati kijana nyumbani. Sharti aiombe, na aiombe sawasawa.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUJAZA

Twayaandika hapa waziwazi, ili aliye na mtoto wa kidato cha nne ayakate na kuyaweka.

La kwanza, maombi hufanywa katika mtandao wa KUCCPS, si kwa barua. Kijana huingia kwa namba yake ya mtihani na mwaka aliofanya. Kuna ada, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa shilingi 1,500. Mtandao hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya matokeo, hufungwa, kisha hufunguliwa tena kwa waliokosa au wanaotaka kubadili. Asiyejua tarehe hupoteza nafasi ya kwanza, na mara nyingi kozi nzuri huishia hapo.

La pili, alama ya jumla peke yake haitoshi. Kila kozi hutazama masomo manne yanayohusiana nayo, na pointi zake huhesabiwa juu ya 48. Kwa hiyo kijana mwenye B aweza kukosa kozi aliyoipata mwenzake mwenye alama ya chini kidogo, kwa sababu yule mwenzake alifaulu zaidi katika yale masomo manne. Wazazi wengi wakiona hivyo husema, "Hapa pametolewa hongo." Mara nyingine ni hesabu tu ambayo hakuna aliyewaeleza.

La tatu, pointi za mwisho zilizochukuliwa na kila kozi mwaka uliopita huonyeshwa katika mtandao huo huo. Kijana azitazame kabla ya kuchagua. Kujaza nafasi zote kwa udaktari na uanasheria, na pointi zake hazifiki hata karibu, ni kujitupa mwenyewe nje ya mlango.

La nne, jina katika cheti cha kuzaliwa, katika cheti cha mtihani na katika kitambulisho liwe moja. Herufi moja iliyokosewa huleta safari nyingi za ofisini, na kila safari ni nauli, tena ni siku ya kazi iliyopotea.

La tano, aliyekosa C+ hakutupwa. KUCCPS huwapanga pia wanaokwenda vyuo vya ufundi. Kabete National Polytechnic iko papo hapo Waiyaki Way. Fundi wa umeme mwenye cheti si mtu duni. Sisi wafanyakazi ndio wa mwisho kumdharau fundi.

BARUA SI FEDHA

Sasa twafika penye maumivu makubwa. Kijana akipata barua ya kuitwa chuoni, nyumba nzima hufurahi, jirani huitwa, chai hunywewa. Lakini barua ile husema tu ya kuwa nafasi ipo. Haisemi fedha zipo. Maombi ya fedha ni mengine kabisa, katika mtandao mwingine, na kijana asiyeyafanya hujikuta amefika chuoni akidaiwa gharama yote.

Mpango mpya wa fedha ulitangazwa mwaka 2023. Kabla yake serikali ilikipelekea chuo fedha kwa hesabu ya wanafunzi wake. Chini ya mpango huu fedha humfuata mwanafunzi mmoja mmoja, kwa kadiri ya uhitaji wa jamaa yake. Kwa jinsi ulivyopangwa katika makundi matano, jamaa ya kundi la kwanza, iliyo maskini kabisa, ilitakiwa kulipa sehemu 5 katika kila 100 za gharama ya kozi, na iliyobaki ikatoka katika ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Jamaa ya kundi la tano ilitakiwa kulipa sehemu 40 katika kila 100. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa mpango huu wavunja Katiba, na serikali ikakata rufani. Wanasheria wataendelea kuvutana. Sisi twataka kutazama jambo moja ndani yake ambalo lamhusu kila mwanachama.

Ni nani anayejulikana mapato yake katika nchi hii? Ni mtu wa mshahara. Karatasi yetu ya malipo inaonyesha kila senti, na kodi imeandikwa, na makato yameandikwa. Mwenye magari ya kubeba mchanga, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye duka lisilotoa risiti, mapato yake hayana karatasi. Basi mashine ikiulizwa nani tajiri, yaweza kumwonyesha kidole karani mwenye watoto watano shuleni, mama mzee kijijini na deni la SACCO, kwa sababu karani ndiye anayeonekana. Mshahara wetu una karatasi. Utajiri wa wengine hauna. Hilo ndilo kosa lililomo katika kupima uhitaji kwa maandishi, na vyama vya wafanyakazi visipolisema hakuna atakayelisema kwa niaba yetu.

Hatusemi watu wadanganye katika fomu. Mwongo akigunduliwa huharibu haki ya wote. Twasema mambo yote yaandikwe: idadi ya wategemezi, watoto wengine walioko shuleni, ugonjwa katika nyumba, mzazi aliyepoteza kazi. Na aliyewekwa katika kundi lisilo lake aombe kusikilizwa upya. Njia ya kulalamika imewekwa, lakini wengi huogopa kuitumia, wakidhani mwenye kulalamika atanyang'anywa hata kile kidogo.

Na mkopo nao ni mkopo. HELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza riba ya sehemu 4 katika kila 100 kwa mwaka, na kijana akipata kazi tajiri wake humkata. Mzazi amweleze mtoto hivyo siku anapoweka sahihi, asije akayanunulia viatu na simu mapesa ambayo atayalipa akiwa na mke na watoto.

MAKTABA NI CHUMBA CHA ASIYE NA CHUMBA

Tuseme kijana ameingia, fedha zimepatikana. Sasa atasoma wapi?

Mtoto wa mwenye nyumba kubwa ana meza yake, taa yake, mtandao nyumbani na mlango wa kufunga. Mtoto wa mfanyakazi wa Kangemi hulala katika chumba ambacho mama hupika, baba husikiliza habari, na wadogo zake hucheza. Umeme ukikatika, usiku umekwisha. Kwa kijana huyo maktaba si pambo la chuo. Ndiyo nyumba yake ya pili: hapo pana kiti, pana mwanga, pana kimya, na pana kitabu ambacho bei yake dukani yaweza kula mshahara wa wiki nzima.

Watu hutuambia, "Siku hizi vitabu vyote vimo ndani ya simu." Twawajibu kwa upole. Simu yahitaji kununuliwa data, na data ni mkate. Tena vitabu na majarida mazuri ya elimu hayatolewi bure katika intaneti; makampuni ya ng'ambo huyauza kwa bei kali. Ndiyo maana maktaba za vyuo na za utafiti katika Kenya ziliungana katika umoja uitwao KLISC, ili zikanunue pamoja na kupata bei nafuu. Tazameni basi, ndugu: hata maktaba zimejifunza ya kuwa mnunuzi mmoja hana nguvu mbele ya muuzaji mkubwa. Nazo zina chama chao! Lakini ili kijana ayapate yale yaliyonunuliwa, sharti aandikishwe, apewe neno la siri, na aonyeshwe jinsi ya kutafuta. Na wa kumwonyesha ni mfanyakazi wa maktaba, mtu mwenye jina na mshahara. Mashine haimwiti kando mtoto mgeni anayeona haya kuuliza.

Kwa hiyo twawaambia wazazi: wiki ya kwanza ya chuo, kabla ya kijana kutafuta marafiki, aende maktabani akajiandikishe. Aulize kila kitu. Kuuliza si ujinga. Aazime na arudishe kwa siku, maana mwishoni mwa masomo karatasi ya kumfungua mwanafunzi hupita maktabani pia, na kitabu kimoja kilichopotea chaweza kuchelewesha cheti.

TAA IWAKE, LAKINI KWA HAKI

Hapa yatupasa kusema kweli juu ya jambo ambalo lingeweza kutugawanya. Wanafunzi hutaka maktaba ikae wazi usiku na siku za mapumziko. Ni ombi la haki. Lakini maktaba haikai wazi yenyewe. Anayekaa mezani saa tatu ya usiku ni mfanyakazi, na baada ya kufunga atatafuta matatu ya kwenda Kikuyu au Kawangware nauli zikiwa zimepanda na njia ikiwa na giza. Kama tutapiga kelele taa iwake mpaka usiku bila kuuliza ni nani anayeiwasha, tutakuwa tumemjenga mtoto wa mwanachama mmoja kwa mgongo wa mwanachama mwingine.

Vyuo vyetu vya serikali vimekuwa na deni na upungufu wa fedha kwa miaka mingi. Mwaka 2025 waalimu wa vyuo hivyo waligoma kwa siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mapatano ya miaka ya 2017 mpaka 2021. Fikirini: mapatano yaliyowekwa sahihi, na bado watu wakangoja miaka mingi wasilipwe! Mahali penye desturi ya namna hiyo, "saa za ziada" ni neno la hatari. Kwa hiyo twataka mambo mawili yaende pamoja daima: saa za maktaba ziongezwe, na zamu za usiku ziandikwe katika mapatano, zilipwe, zipewe watu wa kutosha, na wapewe usafiri wa kurudi nyumbani. Lisikubaliwe moja bila la pili.

Na msomaji wa nje je? Mfanyakazi anayesoma kwa jioni, au mwanachama atakaye kuona sheria za kazi katika kitabu chenyewe, aende wapi? Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, mwananchi huandikishwa, hupewa kadi, hukaa na kusoma. Twaona ni desturi njema. Chuo Kikuu cha umma nacho kingeweza kuandika ubaoni, kwa Kiswahili, masharti ya msomaji wa nje: aje siku gani, alete hati gani, alipe nini kama kuna malipo. Sharti lililofichwa ndani ya droo ya mkubwa ni ukuta tu.

Tena tukumbuke ya kuwa matawi mawili ya maktaba ya McMillan, Kaloleni na Makadara, yote yako upande wa mashariki. Twafurahi kwa ndugu zetu wa huko. Lakini kutoka Kangemi mpaka Kaloleni ni kuukata mji mzima. Upande wa magharibi nao una watoto.

TUNAYOYATAKA

Malalamiko bila mpango ni moshi. Haya ndiyo tunayoyaweka mbele ya matawi yote wayajadili:

1. Kila tawi lichague wanachama wawili wa elimu, ikiwezekana mmoja awe kijana aliyepitia mambo haya karibuni. Tangu matokeo ya KCSE yatoke, wakae ofisini mwa chama kila Jumamosi na kompyuta moja, wawasaidie watoto wa wanachama kujaza maombi ya nafasi, ya ufadhili na ya mkopo, bila malipo. Wengine hulipa fedha nyingi katika saiba, na fomu ikajazwa vibaya na mtu asiyewajua.

2. Tarehe zote zibandikwe ukutani mwa kila mahali pa kazi, kwa herufi kubwa.

3. Katika mapatano yajayo na matajiri, chama kidai siku moja yenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto kuandikishwa chuoni kwa mara ya kwanza.

4. Vyama vishirikiane kupeleka maoni yao juu ya kupima uhitaji wa jamaa, ili mtu wa mshahara asihesabiwe tajiri kwa kuwa tu mapato yake yanaonekana.

5. Wafanyakazi wanaofanya kazi ndani ya chuo, pamoja na wafagiaji na askari walioletwa na makampuni ya nje, wapewe ruhusa ya kusoma katika maktaba wanayoisafisha na kuilinda.

6. Serikali ya Kaunti iombwe chumba cha kusomea upande wa magharibi, chenye taa, viti na mtandao. Hatuombi jumba la nguzo na simba. Chumba safi chatosha.

Ndugu, hakuna katika haya sita jambo linalohitaji muujiza. La kwanza na la pili twaweza kuyaanza wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Wale wa mwaka 1959 hawakuwa na kompyuta wala mtandao. Walikuwa na madaftari ya michango na watu walioaminiana. Sisi tuna zaidi yao kwa vyombo. Tusiwe na pungufu kwa moyo.

Makatibu wa matawi waanze na jambo dogo: kuandika majina ya wanachama wote wenye watoto wa kidato cha nne mwaka huu. Orodha hiyo ikiwa mkononi, kazi imekwisha kuanza.

UMOJA NI NGUVU.